Bahari, mlima au pori la miombo: kichwa kikijaa uende wapi?

Wadau, kila baada ya wiki mbili tatu kuna mtu ananiuliza, oya kichwa kimejaa, nataka nitoke mjini nikatulie, niende wapi? Na mimi kabla sijajibu huwa nauliza, umechoka uchovu gani? Maana wengi wanachagua kwa picha. Mtu kaona bembea imefungwa juu ya maji ya bluu, Jumamosi huyo kapanda pantoni, Jumapili jioni anarudi na deni na kichwa kiko vilevile. Nawajua hao, nilikuwa mmoja wao.

Mi niko kwenye kazi za kliaring hapa bandarini Dar, mwaka wa kumi na kitu huu, na kazi yenyewe ni simu na makaratasi, mteja anataka mzigo wake leo, meli haijafunga gati, mfumo umelala, na wewe ndo uko katikati unatukanwa na pande zote. Kuna kipindi nilifika mahali naandika namba ya kontena nakosea herufi moja, nairudia nakosea palepale, mara ya tatu palepale tena, na karatasi ninayonakili iko mbele ya macho yangu. Siumwi wala sijalewa, kichwa tu kimegoma kushika. Ndo nikaanza kutafuta pa kwenda. Nimekaa Jambiani, nimepanda Usambara, nimelala wiki tatu Tabora kwa baba mdogo porini kabisa, na kote huko nimepata kitu, ila sio kitu kilekile.

Sasa ninavyolinganisha mimi siangalii pazuri ni wapi, pote pazuri. Naangalia ukifika pale saa anaishika nani. Mjini saa yako kaishika bosi na mteja na hiyo simu. Baharini saa wanayo maji. Mlimani iko miguuni kwako mwenyewe. Kwenye miombo anayo msimu, na msimu hana haraka na mtu yeyote. Ukielewa hapo kuchagua kunakuwa rahisi.

Bahari

Kwanza tutenganishe bahari na bichi. Safari yangu ya kwanza kutafuta utulivu nilienda hoteli moja ng'ambo ya pili, spika nne kubwa zimeelekezwa kwa wateja, bahari ipo pale nyuma kama pazia la studio. Nilikaa siku mbili sikusikia wimbi hata moja. Nikarudi nimechoka kuliko nilivyoenda, afu na tumbo likavuruga. Ile sio bahari, ile ni baa iliyopata kiwanja kizuri.

Bahari niliijua Jambiani, kusini mashariki ya Unguja, kwa binamu yangu ambaye kaolewa kule na analima mwani. Nilifika na haraka zangu za mjini, asubuhi ya kwanza nimeamka saa 11 nimevaa viatu vya maji nataka twende shambani nikaone. Akanicheka. "Kaka, leo maji mafu, unaenda kutafuta nini huko? Kaa unywe chai." Nikakaa. Kesho yake maji mafu tena. Siku ya tatu nikaanza kuwashwa, yaani nakaa kibarazani nahisi kama kuna mtu ananidai.

Kwa wasiojua, maji yanakupwa na kujaa mara mbili mbili, kutoka kujaa mpaka kupwa ni saa sita na ushee, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu yanakuja maji makubwa, bamvua, pale tofauti ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4, na ukanda ule bamvua linakupwa kuanzia saa nne saa tano asubuhi hivi. Mwezi ukiwa nusu ndo maji mafu, hayaendi mbali hayarudi juu. Sasa mwani unafungwa kwenye kamba kati ya vijiti huko ndani, maji yasipotoka vizuri huwezi kuufikia, kwa hiyo hawa akina mama kazi yao yote imepangwa na mwezi. Siku za bamvua wanaingia kweli kweli, mgongo umeinama, miguu kwenye chumvi, wanafunga mbegu na kuvuna ule uliofikisha kama wiki sita. Likija maji mafu wanabaki nyumbani, anasuka ukili, anaenda kumtazama mzazi, analala mchana. Na hakuna anayemwita mvivu.

Hicho ndo kilinigonga. Mi kwenye maisha yangu sijawahi kuwa na maji mafu bila kujiona nina hatia, nikipumzika nahisi nimeiba. Na yule binamu yangu anapumzika kwa sababu maji yamesema, hana wa kumwomba msamaha. Bamvua lilipofika tukatembea kuelekea kwenye mwamba, pale ambapo jana yake palikuwa na kina cha kumzamisha mtu leo ni michanga na vidimbwi, kina mama wengine wanachokoa pweza mashimoni na vijiti, na baada ya saa chache wanaanza kugeuka mmoja mmoja kurudi bila kuambizana. Hakuna aliyeangalia saa. Wanasikia maji kwenye kifundo cha mguu.

Kwa hiyo bahari naipendekeza kwa mtu ambaye amechoka *kusukuma*. Unasubiri jibu ambalo haliko mikononi mwako, kesi, majibu ya hospitali, kazi uliyoomba, mchumba ambaye hajielewi. Bahari inakusubirisha kwa lazima, na ukishasubirishwa siku nne na kitu ambacho huwezi kukipigia simu, kile kingine nacho kinapungua ukali.

Ubaya wake upo. Joto la kuanzia Januari mpaka Machi, kaskazi ikivuma, sio mchezo, usiku unageuka godoro zima, na mtu asiyelala hapati akili yoyote mpya. Bora kipindi cha kusi, Juni mpaka Agosti, kuna upepo na ubaridi wa kuridhisha. Na jambo la pili, kama una msiba mbichi usiende peke yako. Wimbi usiku linarudia neno moja, na wewe utarudia lako. Mi hilo limenipata.

Mlima

Usambara ni habari nyingine. Unatoka Dar asubuhi, Chalinze, Segera, Mombo, pale Mombo joto linakupiga kibao cha mwisho afu gari linaanza kupanda, kilomita kama 33 za kona tupu, mto uko chini kushoto, mara kulia, na ukifika Lushoto unatafuta sweta. Mji uko juu karibu mita 1,400. Wajerumani waliokimbia joto la pwani waliuita Wilhelmsthal, wakapanda na miti yao, na mpaka leo utakuta pichi, plamu na mapeasi yanauzwa kwenye ndoo kando ya barabara. Juni na Julai kuna baridi ya kweli, usiende na fulana za Kigamboni.

Mlimani huendi kukaa, unaenda kutembea. Siku ya kwanza nenda Irente, ni kama kilomita 5 kutoka mjini, unapita mashamba ya karoti na kabichi, watoto wanakusalimia, kina mama wana mizigo kichwani wanakupita kwenye mwinuko huku wanapiga stori na wewe ulimi uko nje. Ukifika ukingoni ardhi inaishia, chini kabisa unaona Mazinde na mistari ya mashamba ya mkonge halafu nyika mpaka macho yanachoka. Watu wanapiga picha pale wanaondoka. Kaa nusu saa.

Ila kilichonisafisha mi sio Irente, ni msitu wa Magamba. Ukungu wa asubuhi, hakuna mvua, lakini miti inadondosha maji tap tap tap kama mvua. Kijana aliyekuwa anatuongoza akatuambia majani na ile kuvumwani inayoning'inia matawini inakamata ukungu unaopita, unakuwa matone, yanashuka ardhini, ndo hayo baadaye ni kijito. Mti hauna hata shida ya kusubiri wingu lijae.

Mbele kidogo akasimama akanyoosha kidole kwenye kichaka, "kinyonga huyo". Sioni. Ananionyesha tawi, sioni. Mi nimezoea kuangalia skrini, kitu kikitaka nikione kinawaka au kinalia. Nilisimama pale dakika nzima au mbili naangalia majani, majani, majani, mpaka jani moja likageuza jicho. Aisee. Alikuwa hatua moja kutoka puani kwangu, ana vipembe viwili puani, mguu mmoja uko hewani anatafakari auweke wapi. Na kuanzia pale, sitanii, nikaanza kuona. Buibui, kuvu za njano kwenye gogo, mbega juu kwenye mti amekaa kama mzee wa baraza. Macho yalikuwa yale yale, nilichokuwa sina ni utulivu wa kuangalia kitu ambacho hakiniiti.

Kuna wanasaikolojia wa Marekani, Rachel na Stephen Kaplan, walilieleza hili vizuri miaka ya 1980, kwamba uangalifu wa kujilazimisha, ule wa kazini, unachoka kama msuli unavyochoka, na unapumzika pale macho yanapovutwa taratibu na vitu kama majani na mawingu bila wewe kujikaza. Mwaka 1984 Roger Ulrich naye akatoa utafiti wa wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo kule Pennsylvania, waliokuwa na dirisha linaloangalia miti walitoka hospitali mapema kidogo na wakatumia dawa kali za maumivu chache kuliko waliokuwa wanaangalia ukuta wa matofali. Wagonjwa wenyewe hawakuwa wengi, kwa hiyo usiufanye msahafu. Ila mimi na namba zangu za kontena nilimwelewa Kaplan vizuri sana, niliporudi kazini Jumatatu niliandika namba mara moja tu.

Kwa hiyo mlima ni wa mtu ambaye kichwa kina *kelele*. Mambo ishirini yanaongea kwa pamoja. Mwinuko unakunyang'anya pumzi, huwezi kuhesabu madeni huku unahesabu hatua, na usiku baridi inakulaza saa tatu kama mtoto. Kama muda wako ni wikendi tu usilazimishe Lushoto, utaimaliza ndani ya basi, siku nzima kwenda na siku nzima kurudi. Chukua treni ya SGR mpaka Morogoro, haifiki saa mbili, lala, asubuhi panda Uluguru mpaka Morningside, kwenye ile nyumba ya kizamani ya Wajerumani, shuka jioni na ndizi zako. Sio Magamba, lakini mapafu hayajui tofauti. Na msitu wowote wa hifadhi uliza kwanza malipo, siku hizi ni kontrol namba ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, sio kumpa mtu hela mkononi getini.

Pori la miombo

Hili hakuna anayelichagua, na ndo maana naliandika.

Nilienda Tabora mwezi wa tisa, mwaka ambao nilipoteza kazi ya kwanza na mambo mengine ya nyumbani ambayo siyaweki hapa. Baba mdogo ni mrina asali, ana mizinga yake huko ndani, akaniambia njoo ukae utanisaidia kubeba. Ukitaka kujua ukweli siku tatu za kwanza nilijuta. Jua kali, nyasi zimeungua nyeusi, moshi kila upande, ndorobo wanauma juu ya shati, hakuna mtandao wa maana, miti imebaki fito. Nikasema hapa nimekuja kuangalia kifo chenyewe sasa.

Siku ya tano au sita tunaelekea kwenye mizinga nikaona pori limebadilika rangi. Sio kijani. Jekundu. Jekundu la kahawia, mengine kama shaba, mengine kama zambarau ya waridi, jua la asubuhi likipita kati yake ni kama miti imewashwa taa kwa ndani. Nikamuuliza baba mdogo, mbona majani yanakauka vizuri hivi? Akaangua kicheko. "Mwanangu, hayakauki hayo. Ndo yanazaliwa." Akavuta chini tawi la mtundu, mmoja wa miti ya miombo, akanipa nishike. Laini kama sikio la mtoto mchanga, na ubichi wake unateleza.

Na mvua bado. Mvua kule ni Novemba, ukiwa na bahati mwisho wa Oktoba. Miombo inatoa majani wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza, kwa akiba ya maji na chakula iliyojiwekea kwenye mizizi na shina tangu msimu uliopita. Rangi nyekundu inalinda jani changa lisiungue na jua, likikomaa linakuwa kijani kama mengine. Kwa hiyo ile miezi ambayo mi naona pori limekufa, chini kazi ilikuwa inaendelea. "Mti ukisubiri mvua inyeshe ndo uanze, umechelewa," akasema, afu akaendelea na safari, yeye hakuona kama kasema kitu cha ajabu.

Mi nilikuwa nimejiambia nitaanza upya mambo yakikaa sawa. Nikipata mtaji, nikipata kazi, nikisahau. Nilikaa na lile tawi kwenye begi mpaka likanyauka kweli.

Hapa ni pa mtu *aliyeishiwa*. Sio aliyechoka na sio mwenye kelele, aliyeishiwa. Kazi imeenda, ndoa imevunjika, umetoka kumuuguza mtu mwaka mzima. Haufai wikendi, haufai likizo ya siku nne, chini ya wiki mbili utaona majivu na ndorobo tu ukarudi unanilaani. Na ukienda Aprili utakuta kijani kila mahali, pazuri, lakini hicho ninachokisema hutakiona. Agosti mwishoni mpaka Oktoba mwanzoni. Anayepita barabara ya Morogoro kwenda Iringa miezi hiyo anaweza kukiona hata dirishani mwa basi, pale Mikumi na kuendelea, ila kukiona dirishani na kukaa nacho ni vitu viwili.

Tukiviweka kwa pamoja

Kwa muda, Morogoro usiku mmoja unatosha, Lushoto tatu, bahari nne tano na hakikisha zinagusa bamvua, fungua kalenda ya mwezi kabla hujakata tiketi. Miombo wiki mbili. Kwa hela, watu wanadhani bahari ni rahisi kwa sababu ipo karibu, sio kweli, hoteli za baharini zinakamua, rahisi ni kama una ndugu. Lushoto gesti zipo za kawaida na chakula cha bei nafuu, mboga ziko mlangoni. Tabora nauli ndo kubwa, ukifika unakula ugali wa nyumbani.

Na watoto? Bahari, bila mjadala, mlimani watabebwa na wewe. Simu, baharini inashika vizuri kwa bahati mbaya, kwa hiyo uizime mwenyewe. Usingizi, mlima unaongoza kwa mbali. Na kwa mtu anayeogopa kuwa peke yake na mawazo yake, mlima tena, kwa sababu mwili unakuwa na shughuli. Bahari inampa nafasi ya kuwaza, na sio kila mtu anahitaji nafasi zaidi ya kuwaza.

Ukinilazimisha nichague moja kwa mtu nisiyemjua, nitamwambia mlima. Bahari inahitaji mtu wa kukuelekeza, miombo unahitaji muda ambao watu hawana.

Jambo moja tulitenge na haya yote. Kama ni mwezi sasa huli, hulali, hutaki kuona mtu, au unawaza kujidhuru, hiyo sio safari tena, hiyo inaweza kuwa sonona na ina matibabu. Nenda hospitali ya mkoa uliza kitengo cha afya ya akili, nenda na mtu unayemwamini. Mlima utakuwepo ukirudi.

Na asiye na nauli kabisa? Kuna utafiti ulitoka Uingereza mwaka 2019, walichukua watu karibu 20,000, wakaona waliokaa kwenye maeneo ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walisema wana afya na wanajisikia vizuri zaidi kuliko wasiokaa kabisa, na haikujalisha umezimaliza siku moja au umezigawa. Bustani ya mtaa nayo ilihesabiwa. Wa Dar mna msitu wa Pugu hapo nyuma ya Gongo la Mboto, wangapi mmewahi kuingia?

Mi nyumbani nina mti wa mkungu uani. Mara mbili kwa mwaka majani yanakuwa mekundu, yanapukutika yote ndani ya siku chache, uani panakuwa kama kumechanwa magazeti, halafu kabla hujamaliza kufagia ncha za matawi zinaanza kuchomoza kijani. Juzi umeanza tena. Naamka saa 12, nachukua fagio la chelewa, simu naiacha ndani, nafagia kama dakika ishirini afu nakaa kwenye ndoo naangalia juu. Mama mwenye nyumba anasema mti unachafua, anataka ukatwe ijengwe frem ya duka. Nimemwomba angalau tufike mwisho wa mwaka, bado hajanijibu.